Waifai kwenye nyumba ya mawe: kuunganisha vituo kuanzia dakani hadi juu kabisa

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kupambana na jua, na jua zimeliweza. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na pengine zaidi. Sakafu za ghorofani ni boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu, juu yake mawe na chokaa tena. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya mita tatu na kitu bila kulegea. Katikati kuna ua unaoingiza upepo na mwanga. Sasa tia ruta moja dakani, yaani kwenye ukumbi wa kuingilia, pale fundi wa faiba alipoishia kwa kuwa ndipo karibu na mlango, halafu panda ghorofa ya pili. Simu itakuonyesha kijistari kimoja cha waifai, au itarudi kwenye bando bila kukuambia.

Wengi wakifika hapo hukimbilia Darajani au Mlandege kununua ruta kubwa zaidi, ile yenye antena sita. Pesa hiyo hupotea. Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili, na simu ina antena ndogo iliyofichwa ndani pamoja na betri inayojibana. Ruta hata ipige kelele namna gani, jibu la simu halipenyi ukuta. Ndiyo maana unaweza kuona vijistari vitatu na ukurasa usifunguke.

Kwa nyumba ya namna hii msimamo wangu ni kwamba mawimbi yasilazimishwe kuvuka ukuta. Waya ndiyo ipande ghorofa, na waifai ibakiwe na kazi ya kukufikia chumbani ulimo. Hiyo inataka vituo kadhaa vidogo vilivyounganishwa kwa kebo, vyote vikitumia jina moja na nywila moja, ili simu ikihama chumba ihame na kituo wewe usijue. Mafundi huviita aksespointi. Hapa nitaviita vituo.

Pima kabla ya kununua

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo uangalie kasi. Ikiwa hapo penyewe unapata megabiti 5 kwa sekunde na unalipia 20, tatizo liko kwa anayekuuzia intaneti, na vituo hata kumi havitalitatua. Maliza naye kwanza.

Kisha tafuta simu ya Android (iPhone haiziachii programu nyingi namba tunayoitaka) uweke programu yoyote ya bure ya kuchambua waifai. Itakuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, ambayo ni namba hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ukisimama karibu na ruta utaona kama -40. Mpaka -67, simu ya video inakwenda bila kukwama. Kwenye -75 ujumbe unapita lakini picha zinajivuta, na ukishafika -80 hesabu kwamba hakuna kitu.

Zunguka nyumba nzima na simu hiyo, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku. Chora kila ghorofa kwenye karatasi, hata kama mchoro hauna uzuri, uandike namba ya kila chumba kwa masafa yote mawili. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kidogo zaidi lakini ni ya polepole. Ya gigahezi 5 yana kasi, na ukuta mmoja wa mawe unaweza kuyamaliza. Kama umepima wakati wa kiangazi, jiwekee akiba. Matumbawe hunywa maji, kuta za chini hupandwa na unyevu kutoka ardhini, na maji hunyonya mawimbi, kwa hiyo ukuta uliopitisha kidogo mwezi wa Februari unaweza usipitishe chochote Aprili mvua za masika zikikolea.

Jambo moja la faida utaligundua ukiwa na karatasi hiyo mkononi: kuta zinazokuzuilia wewe zinawazuia na majirani. Chini kabisa utaona mitandao miwili mitatu tu. Panda kwenye paa uone mitandao ya mtaa mzima imerundikana. Hilo litatusaidia kwenye kuchagua chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho kila kituo kitatumia.

Njia za kuviunganisha

Repita ya kuchomeka ukutani ndiyo rahisi kuinunua na ndiyo ya kwanza kukuudhi. Inapokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua nusu au zaidi, na watu huichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, ambako haina cha kurudia. Vifaa vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme navyo vinavutia mpaka ukumbuke kwamba nyumba nyingi hapa ni za ukoo. Bibi anakaa chini, ami na watoto wake ghorofa ya kwanza, vijana juu, na kila jamaa ana mita yake ya tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla. Data ikishavuka mita moja kwenda nyingine hudhoofika sana au hukatika, na nyaya za zamani zilizoungwaungwa huongeza kelele.

Zinabaki mbili za maana: kebo, na meshi, yaani vituo vinavyozungumza vyenyewe kwa mawimbi. Kebo kwanza. Meshi nitaifikia, kwa ajili ya mahali ambapo kebo haipiti.

Vifaa

Kebo iwe Cat6, au Cat5e kama Cat6 haipo, zote zinabeba gigabiti moja hadi mita 100. Kinachohitaji macho ni shaba. Sokoni kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba juu, na boksi halisemi hivyo kwa herufi kubwa. Muombe muuzaji akukatie kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hukatika kwenye kona, hupoteza umeme njiani, na kwa hewa yetu ya chumvi huliwa haraka kwenye viungio. Sehemu itakayopita nje itake kebo ya ganda jeusi la nje, maana ganda la kijivu la ndani jua hulipasua.

Swichi, yaani kisanduku cha kugawia kebo za data, iwe ya gigabiti; yenye matundu matano au manane inatosha. Ukiweza, nunua ile inayotoa umeme kwenye kebo ya data, inayoandikwa PoE, pamoja na vituo vinavyoupokea. Hapa ndipo ningeongeza pesa, hata kama ni kwa kupunguza kwingine. Kituo hakitahitaji soketi ghorofani, na umeme ukikatika, betri moja iliyoko chini inabeba vituo vyote. Angalia maandishi: kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, nacho huuliza kwanza kama kifaa cha upande wa pili kinautaka umeme. Vipo vifaa vya bei rahisi vya volti 24 vinavyosukuma umeme bila kuuliza. Ukivichanganya hivyo viwili, kituo kikikosa tu kuwaka ni bahati, kwani kinaweza pia kuungua.

Kama bajeti haifiki, ruta za zamani zilizolala kabatini zinaweza kugeuzwa vituo. Nitaeleza namna yake.

Kupitisha kebo

Drili iwe ya mwisho. Ukuta wa mawe ya matumbawe si ukuta wa matofali: chokaa ya zamani humomonyoka, jiwe hutoka zima, na tundu ulilolitaka la milimita 8 linakuwa la ngumi. Ukilazimika kutoboa, ziba kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta na baada ya muda plasta yote ya jirani hububujika na kudondoka.

Njia mara nyingi imeshakuwepo. Ua ndio njia kuu, kwa kuwa ghorofa zote hufungukia hapo: shusha kebo moja kwa kila ghorofa kutoka juu hadi kwenye swichi, ndani ya paipu ya plastiki iliyofungwa kwenye kona isiyopigwa na mvua. Njia nyingine ni ngazi, au lile tundu la kebo ya dishi ambalo hakuna anayekumbuka nani alilitoboa, au pembe ya fremu ya dirisha. Upande wa mbele wa nyumba usiuguse bila kuuliza. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ndiyo yenye kauli juu ya kinachofanywa kwenye sura za nje za majengo. Nyaya zinazoning'inia barabarani zimeshatosha.

Paipu si ya urembo tu. Panya wanapenda ganda la kebo. Iache kebo ya data mbali na waya wa umeme kwa sentimita 20 au 30 zinapokwenda sambamba, na zikipishana zipishane kwa msalaba. Usiikunje kona kali. Inapoingia ndani kutoka nje, iache ining'inie kidogo chini ya tundu kabla haijapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kuifuata hadi kwenye kifaa. Acha mita moja ya ziada kila ncha, na andika jina la chumba kwenye ncha zote mbili kabla hujaivuta. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika.

Kwenye kufunga plagi, shika plagi meno ya shaba yakiwa juu na tundu la kuingizia nyuzi likielekea kwako, kisha panga kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mpangilio uwe huohuo ncha zote mbili. Pima kwa testa. Kama huna testa, dalili ni hii: ikiwa uzi mmoja haukushika, gigabiti haipatikani, kwa sababu inataka jozi zote nne. Swichi itashuka hadi megabiti 100 au taa yake haitawaka kabisa. Mtu anaweza kuishi na hali hiyo miaka akiilaumu faiba.

Kituo kikae wapi

Kimoja kwa kila ghorofa ni kima cha chini, maana sakafu nazo hazipitishi. Kwa kuwa vyumba ni vyembamba, mahali pazuri ni ukumbini, mkabala na milango, juu karibu na boriti. Mawimbi yapite mlangoni, siyo ukutani, kwa hiyo kaa pale unapotaka kuweka kituo uhesabu milango unayoiona. Ukiona mitatu, umepapata.

Nyumba yenye ua inakupa bahati nyingine. Kituo kilichowekwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwanza kikiuangalia ua kinaingia madirishani mwa vyumba vinavyofungukia hapo, juu na chini. Nyumba ndogo ya ghorofa mbili inaweza kumalizika na viwili tu: hicho cha ua na kingine cha vyumba vya upande wa barabara.

Kuna mahali panapovutia na ni pabaya. Kidaka cha ukutani kinaonekana kama kimetengenezwa kwa ajili ya ruta, lakini pande zake karibu zote ni mawe. Nyuma ya kabati la nguo lenye kioo, kioo hurudisha mawimbi. Juu ya friji ni chuma. Karibu na simtanki ni lita mia kadhaa za maji. Na chini kabisa ya bati, mchana wa kaskazi, kifaa hupika.

Kuvipanga vizungumze lugha moja

Kanuni ni kwamba mwenye kugawa anwani awe mmoja tu. Ruta kuu ndiyo inayotoa anwani za IP kwa simu na kompyuta zote, kazi inayoitwa DHCP. Vituo vingine vipitishe tu. Kituo cha dukani kwa kawaida kiko tayari kwa hilo. Ruta mpya kiasi huwa na ukurasa wa kuchagua namna ya kufanya kazi, uchague AP, yaani aksespointi, na yaliyobaki itajipanga yenyewe. Ruta ya zamani isiyo na ukurasa huo unaifanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ingia kwenye ruta kuu, ambayo tuchukulie ni 192.168.1.1. Iambie igawe anwani kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.200. Zilizo chini ya 50 umezitenga kwa ajili ya vituo.

2. Irudishe ruta ya zamani kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe chake cha nyuma, kisha iunganishe na kompyuta kwa kebo, peke yake, isiguse mtandao. Anwani yake imeandikwa kwenye karatasi ya chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

3. Tia jina la waifai na nywila vilevile kama vya ruta kuu, herufi kwa herufi. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika.

4. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2. Itajizima na kuwaka. Ingia tena kwa anwani mpya.

5. Zima DHCP. Kuanzia hapo haitakupa tena anwani, kwa hiyo ukitaka kuingia tena uingie kupitia mtandao mzima.

6. Kebo inayotoka kwenye swichi ichomeke kwenye tundu la LAN, lile la kawaida, siyo la WAN lenye rangi tofauti. Watu wengi hukosea hatua hii.

Ukichomeka kwenye WAN intaneti itakuja, nawe utadhani umemaliza. Lakini utakuwa umejenga mtandao ndani ya mtandao: printa iliyoko chini haionekani juu, na simu ikipanda ngazi inakatika na kuanza upya. Kutambua ni rahisi. Tazama anwani ya simu ukiwa kwenye kila kituo, zote zianze na 192.168.1. Ikiwa ghorofani inaanza na 192.168.0, rudi kwenye hatua ya sita.

Sasa chaneli. Kwenye gigahezi 2.4 tumia 1, 6 na 11 tu, kwa sababu ndizo zisizopandiana: ghorofa ya chini 1, ya kwanza 6, ya pili 11, upana megahezi 20. Usikubali upana wa 40 hata ukiahidiwa kasi. Kwa kituo cha juu, ambako mitandao ya mtaa mzima inasikika, tazama kwanza kwenye simu chaneli ipi ina msongamano mdogo, kisha panga nyingine kushuka chini. Kwenye gigahezi 5 nafasi ni nyingi: 36 hadi 48 ndiyo salama, na 149 hadi 161 ikiwa kifaa kilichowekwa nchi ya Tanzania kinaziruhusu. Zile za kati, 52 hadi 144, kifaa hulazimika kusikiliza kama kuna rada na kuzihama kikisikia, kwa hiyo waifai inaweza kutoweka dakika moja katikati ya mazungumzo.

Halafu punguza nguvu ya vituo, hasa kwenye 2.4. Inasikika kinyume, lakini mwenye kuamua kuhama kituo ni simu, na simu ni mvivu: ikiwa bado inakisikia kwa mbali kile cha chini, itaking'ang'ania hadi kife. Vituo vikiwa na sauti ya wastani, simu inakosa sababu ya kung'ang'ania. Ukiona kwenye mipangilio 802.11k na 802.11v, ziwashe, zinaisaidia simu kujua vituo jirani. 802.11r huharakisha kuhama, ila simu na televisheni za zamani mara nyingine hukataa kuunganika nayo, kwa hiyo iwashe mwisho, ukishaona mengine yamekaa.

Ulinzi ni mfupi: WPA2 ya AES, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Ukiiacha TKIP, aina ya zamani ya ulinzi, ikiwa imewashwa, kasi haitavuka megabiti 54 hata ununue kituo gani. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi ya siri. Badilisha nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, si ya waifai peke yake. Na nywila ya waifai isiwe namba ya simu ya mwenye nyumba, maana hiyo mtaa wote unayo. Kama mna wapangaji au chumba cha wageni, wape mtandao wao wa wageni. Kwenye nyumba ya ukoo, kubalianeni kabla ya kuwasha nani analipa na nani anashika nywila. Sijaona ugomvi wa waifai ulioanzia kwenye chaneli.

Pasipopita kebo

Kuna nyumba ambazo hutaruhusiwa hata msumari. Hapo nunua seti ya meshi, ya bendi tatu ukiweza, kwa kuwa bendi ya tatu inaachiwa vituo vizungumze vyenyewe bila kula njia ya simu. Viunganishe vyote kwanza vikiwa chumba kimoja na ruta, visubiri vitambuane, ndipo uvipeleke mahali pake.

Kituo cha meshi hakikai kwenye chumba kisicho na mawimbi. Kinakaa njiani, pale ambapo bado kinakisikia cha kwanza vizuri, -65 au bora. Tumia ua: kimoja dirishani chini, kingine dirishani juu upande wa pili, viangaliane kwenye uwazi. Visizidi viwili baada ya ruta kwa mstari mmoja, kwani kila kuruka kunakula kasi na kuongeza ucheleweshaji. Hata kebo moja tu kati ya kituo cha kwanza na ruta, inayopita kando ya ngazi, itaubadilisha mtandao mzima.

Onyo moja. Ruta za zamani zilizounganishwa kwa mawimbi kwa njia ya WDS usiziunganishe pia kwa kebo. Data itazunguka bila mwisho, taa za swichi zote zitapepesa kwa pamoja, na nyumba nzima itakosa intaneti kwa kosa la kebo moja. Seti mpya za meshi nyingi hulitambua hilo na kujizuia.

Umeme, chumvi na wadudu

Unguja inapata umeme kutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Fumba, na waliokuwepo kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa bila umeme huo, hawahitaji kuelezwa. Siku hizi tatizo ni la kukatika kwa muda mfupi na kupanda kushuka kwa volti. Ruta, kisanduku cha faiba, swichi ya PoE na vituo vitatu kwa pamoja hutumia kama wati 45. UPS ya kompyuta yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 9 itavibeba kwa saa moja hivi. Ikiwa hutumii PoE, kuna UPS ndogo za ruta zinazotoa volti 12 moja kwa moja. Soma karatasi ya ruta yako kabla, kwani nyingine ni za volti 9, na plagi ikiingia haina maana kwamba ndiyo yenyewe.

Hewa ya bahari hugeuza viungio kuwa vya kijani. Vituo vya nje viwe vya aina ya nje kweli, plagi zake zifunikwe kwa kifuniko cha mpira chenye jeli ya silikoni. Ndani, mijusi na sisimizi wanapenda joto la kifaa, na sisimizi wakishaweka makazi ndani ya ruta hutengenezi tena. Inua kifaa kisilale sakafuni, ziba matundu ya paipu kwa pamba.

Ng'ambo, mashamba na Pemba

Nyumba za matofali za Fuoni au Mwanakwerekwe hazina shida hiyo ya kuta. Kituo kimoja katikati ya nyumba hutosha mara nyingi, na shida huwa banda la uani au nyumba ya pili ndani ya kiwanja. Kebo ya nje ndani ya paipu iliyofukiwa inafanya kazi, ila ikiunganisha majengo mawili, radi ikipiga jirani huweza kuua vifaa vya ncha zote mbili. Tia vizuia radi vilivyofungwa ardhini, au acha shaba kabisa utumie vituo viwili vya nje vya gigahezi 5 vinavyoangaliana.

Kule Pemba, ambako nyumba za jamaa moja zinaweza kuwa pande mbili za shamba, hiyo ndiyo njia. Masharti ni uwazi. Kuona upande wa pili peke yake hakutoshi: kwa umbali wa mita 200, katikati ya njia panatakiwa pawe wazi kama mita 1.6 kuzunguka mstari wa kuonana. Majani ya mikarafuu yakilowa hufunga njia kuliko ukuta wa matofali, na mche uliopandwa leo chini ya mstari utakuwa juu yake baada ya miaka kadhaa. Pandisha nguzo mapema.

Jaribio

Piga simu ya WhatsApp ukiwa dakani, panda ukizungumza hadi juu, rudi chini. Kukwaruza kwa sekunde moja ukivuka ghorofa ni kawaida. Simu ikikatika, fungua ile programu ya kupimia utazame umekwama kwenye kituo kipi, kisha punguza nguvu ya hicho, si kuongeza cha pili.

Baada ya hapo andika kwenye karatasi anwani ya kila kituo, chaneli yake na kebo inayokwenda wapi, uibandike ndani ya mlango wa boksi la umeme. Andika na utaratibu wa kuwasha umeme ukirudi kwa kusuasua: kisanduku cha faiba kwanza, dakika mbili, kisha ruta kuu, na ikishashika intaneti ndipo swichi na vituo.